Nyasi za Ng'ombe Zilizochoma Mji

Ukishuka Nyeri mjini utakutana na mama amebeba nyasi za ng'ombe mgongoni. Hapa kwetu nyasi hazipati nafasi ya kuzeeka: panga na ng'ombe haviziachii.

Lakini je, wajua kuwa nyasi za Guinea, ambazo asili yake ni Afrika, zilipelekwa Hawaii kuwa malisho? Huko Lahaina kiwanda cha sukari kilifungwa 1999, mashamba ya miwa yakaachwa, nazo zikatapakaa. Mvua ikinyesha hurefuka kupita mtu. Kiangazi kikija hukauka zikawa kuni tupu. Moto ukipita, huchipua upesi kuliko miti ya asili, ambayo haikuzoea kuungua. Basi kila moto huacha nyasi nyingi zaidi, nazo hungoja moto mwingine. Agosti 2023 upepo mkali uliufikisha moto mjini. Watu zaidi ya 100 walikufa.

Mlima Kenya nao uliungua Machi 2012, ingawa huko juu nyasi ni za asili.

Ukiona shamba la jirani limetelekezwa, nyasi zimepita kiuno, na ni Februari, mwombe uingize ng'ombe wako.