Nusu Inchi Isiyo Nusu Inchi

Valvu ya bafuni mwetu, ile inayogeuza maji yaende kwenye manyunyu, iliharibika. Mama akanipa pesa ninunue nyingine. Nikapima upana wa bomba kwa rula: milimita 21. Nusu inchi ni 12.7, robo tatu ni 19. Basi nikanunua ya robo tatu. Loo! Ilicheza tu kama kofia ya babu kichwani mwa mtoto. Nikazungusha tepu tele, maji yakaifyatua, mama akalowa chepechepe.

Fundi alicheka sana. Kumbe jina "nusu inchi" lilitokana na tundu la ndani la bomba la chuma, nazo hesi hukatwa nje! Dukani walikataa kuipokea, hivyo fundi akatia bushi ya kupunguza katikati. Haivuji tena. Bushi nililipia kwa nauli yangu ya wiki. Shuleni nikaja kwa miguu.