Rangi na Mtetemo wa Chembe za Dhahabu

Dhahabu ya pete au mkufu ni ya manjano, lakini ikigawanywa hadi zibaki chembe zenye kipenyo cha nanomita 20 hivi (nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na chembe hizo zikatawanywa majini, maji huwa mekundu. Michael Faraday alilichunguza jambo hilo mjini London, na mwaka 1857 alieleza kuwa wekundu huo unatokana na dhahabu yenyewe iliyogawanyika mno, wala si dutu nyingine. Hisabati ya jambo hilo ilikamilishwa na Mjerumani Gustav Mie mwaka 1908.

Chanzo cha rangi hiyo ni elektroni zinazosafiri huru ndani ya metali. Wimbi la mwanga linapoifikia chembe, huzisukuma elektroni zote kwa pamoja, upande huu kisha upande wa pili, na mwendo huo wa pamoja huitwa plasmoni. Kwa chembe ya dhahabu ya mviringo, mwendo huo hukolea zaidi mwanga unapokuwa wa kijani, wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 520, hivyo kijani hufyonzwa na nyekundu hupita. Mstari mwekundu unaojitokeza kwenye vipimo vya haraka vya malaria, vinavyotumika katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki, kwa kawaida hutokana na chembe hizo hizo.

La ajabu zaidi ni kwamba chembe hizo hutetemeka, na rangi yao ndiyo inayoufichua mtetemo huo. Pigo fupi mno la leza huzipasha elektroni joto, nazo huipa metali nzima joto hilo ndani ya pikosekunde chache, yaani sehemu chache za trilioni moja za sekunde. Chembe hutanuka ghafla kupita kiasi, husinyaa, kisha hutanuka tena, mfano wa kengele iliyogongwa. Kanuni za mtetemo wa tufe gumu zilikwisha kuandikwa na Mwingereza Horace Lamb mwaka 1882, nazo zinaonyesha kwamba chembe ya dhahabu ya nanomita 20 hutanuka na kusinyaa mara bilioni 150 hivi kwa sekunde, na kwamba kipenyo kikiongezeka maradufu, idadi hiyo hupungua kwa nusu. Kila chembe inapotanuka, elektroni zake hutawanyika kidogo na plasmoni hubadilika, kwa hiyo pigo la pili la leza, dhaifu na lililocheleweshwa kwa makusudi, hufyonzwa kwa kiasi kinachopanda na kushuka pamoja na mtetemo.

Tatizo ni kwamba chembe nyingi zikipimwa pamoja, tofauti ndogo za ukubwa huzifanya zipishane, na mtetemo huonekana kufifia upesi kuliko ilivyo kweli. Ndiyo maana kazi iliyochapishwa mwaka 2005 na kundi la Michel Orrit, huko Leiden nchini Uholanzi, ina uzito wa pekee: ilipima mtetemo wa chembe moja moja. Kwa njia hiyo, kasi ya kufifia inaweza kueleza jinsi chembe inavyopoteza nishati yake, ikiwemo ile inayopokewa na kioo au kimiminika kinachoizunguka.