Mawe ya Mwanza hayakuota

Mgeni akifika Mwanza huuliza: mawe makubwa namna hii yametoka wapi? Yapo wanaojibu kuwa yameota, na wapo wanaosema yalirushwa na volkano. Mimi nasema hayakuota wala hayakurushwa. Ardhi iliyoyafunika ndiyo iliyoondoka.

Jiwe lile ni itale, au graniti kama wanavyoiita mafundi. Ni ndugu wa jiwe la volkano, ila hawakulelewa nyumba moja. Uji wa moto wa volkano hufika juu ukapoa upesi, hivyo chembe zake hazionekani kwa macho. Uji wa itale ulikwama kilometa kadhaa chini ya ardhi, ukapoa polepole kwa maelfu na maelfu ya miaka, na chembe zikapata muda wa kukua. Chukua kokoto uitazame juani: utaona chembe zinazong'aa kama kioo, nyingine nyeupe au za waridi, na vijipande vyeusi vya ulanga.

Hayo yalitokea zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Tangu hapo mvua na mito vimekuwa vikila ardhi ya juu. Mzigo ulipopungua, mwamba ulitanuka ukapata nyufa. Maji yakapenya humo, yakaozesha kingo za nyufa hadi zikawa kichanga, na katikati yakabaki mawe mazima ya mviringo. Kichanga kilipochukuliwa na mvua, mawe yakabaki yamebebana, kama lile la Bismarck lililosimama ndani ya Ziwa Victoria.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu vilima vile vina watu. Jiwe la tani nyingi, unaloliona halitikisiki, huenda limeegemea vijiwe vidogo na kichanga kilekile kinachochimbwa ili kupata kiwanja. Anayeondoa kijiwe cha chini akakiponde kokoto ameondoa kigingi. Mvua kubwa ikija, humalizia kazi.

Simlaumu mama anayeponda kokoto. Watoto wake wanataka kula. Wala simlaumu aliyejenga kilimani kwa kukosa kiwanja bondeni. Ninachoomba ni kwamba wataalamu wa miamba wapande vilimani wakatuonyeshe jiwe lipi limekaa na lipi limeegemea tu. Wapande kabla ya masika, si baada ya msiba.