Kupeleka Umeme Mbali kwa Ajili ya Kamera za Ulinzi

Ndugu Wanachama,

Msimu wa kuchuma unapofika mali yetu hulala nje. Karafuu ikianikwa huhitaji siku kadhaa za jua ili ikauke, na mwizi hangoji ikauke. Kwa hiyo baadhi yetu wamekwisha tia kamera za ulinzi penye sakafu za kuanikia na milango ya maghala, na wengine wanakusanya fedha wafanye hivyo. Ni jambo jema. Lakini yamefika kwetu malalamiko ya namna moja: mchana kamera inaonyesha vizuri, usiku inapotea. Mwenyewe hudhani ameuziwa kitu kibovu, akanunua nyingine, nayo ikafanya vile vile. Mara nyingi kamera haina makosa. Makosa yamo katika waya.

SABABU YAKE

Umeme ndani ya waya ni mfano wa maji ndani ya mpira. Mpira ukiwa mrefu tena mwembamba, maji hutoka mferejini kwa nguvu na mwisho wake yakachuruzika tu. Waya nao huuzuia umeme, na kizuizi hicho hupimwa kwa omu. Urefu ukizidi, kizuizi huzidi. Unene ukizidi, kizuizi hupungua.

Kamera nyingi hutumia volti 12, umeme wa namna ya betri, na nyingi zake hazifanyi kazi sawasawa zikipata chini ya volti 10.8. Natufanye hesabu. Tuseme ghala liko mita 100 kutoka nyumbani. Umeme huenda na kurudi, basi njia yake ni mita 200. Katika waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba, kizuizi cha njia hiyo ni omu 3 na nusu. Mchana kamera hula, tuseme, robo ya ampea. Zidisha ampea kwa omu: karibu volti 0.9 zimepotea, na 11.1 zimefika. Hapo hakuna taabu.

Usiku, taa za kamera za kuonea gizani huwaka, na kamera ikala nusu ya ampea. Sasa zinapotea volti 1.75, na zinazofika ni 10.25 tu. Kamera huzimika. Ikizimika, volti hupanda tena, kamera ikawaka. Taa zikiwaka, ikazimika mara ya pili. Na mchezo huo huendelea hata alfajiri. Saa ile ile tunayoihitaji ndiyo isiyokuwapo.

DAWA ZAKE

Kwanza, waya mnene. Kwa umbali ule ule, waya wa mbili na nusu huwa na kizuizi cha omu 1.4, na usiku hupotea volti 0.7 tu. Njia hii ni nyepesi, illa waya ukizidi urefu gharama hupanda sana.

Pili, kupeleka volti nyingi na kuzipunguza mwisho wa safari. Tukipeleka volti 24 na kuweka kipunguza volti penye kamera, ampea zinazopita njiani huwa nusu, na fungu la umeme linalopotea huwa robo ya lile la awali. Hii ndiyo sababu umeme unaovuka bahari kutoka Tanga kuja Pemba tangu mwaka 2010 hupitishwa kwa volti 33,000, kisha hupunguzwa huku.

Tatu, kamera zinazopata umeme na kupeleka picha kwa waya mmoja wa mtandao. Hizo huletewa volti zipatazo 48, kwa hiyo umeme hufika vizuri. Mpaka wake ni mita 100. Ukipita hapo sharti kiwekwe kifaa cha kuendeleza katikati.

Nne, sola na betri pale pale penye kamera. Hapo waya mrefu wa umeme hauhitajiwi. Lakini betri iwe ya kutosha usiku kucha na siku za mawingu, na sola ifungwe juu, isije nayo ikaibiwa.

Wako wanaosema, basi na tuanze na volti 15, zipotee zitakazopotea. Jambo hili ni hatari. Kamera inapokula umeme kidogo, kinachopotea ni kidogo pia, na zaidi ya volti 14 zitaifikia kamera ya volti 12 na kuiunguza.

TAHADHARI MADUKANI NA KAZINI

Waya wa bei ndogo mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Ukwangue kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, si shaba tupu. Kizuizi chake hukaribia mara moja na nusu ya shaba, na hesabu yote ya hapo juu huharibika.

Viungo viwe vichache, na kila kimoja kiwe ndani ya kisanduku kisichoingia maji, kwani hewa ya pwani ina chumvi na shaba hushika kutu ya kijani upesi. Waya upite ndani ya bomba, panya wasiutafune. Na ikiwa unataka kupeleka umeme wa nyumba wa volti 230 hata ghalani, kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni. Kuokoa ujira wake si faida mtu akipoteza roho.

Mwisho, fundi akimaliza usimlipe kwa kuona picha ya mchana. Mwambie aje usiku, taa za kamera zikiwaka, apime volti upande wa kamera, si upande wa nyumbani. Zikiwa 11 na zaidi, mlipe haki yake.

Mwanachama anayetaka kuanza kazi hii apime kwanza umbali wa shamba lake kwa kamba, aandike na idadi ya kamera, alete karatasi hiyo ofisini. Tutafanya hesabu pamoja naye kabla hajanunua hata mita moja ya waya.

Katibu