Je, Wajua? Dawa za Msongo wa Mawazo Zilizo Jirani na Kariakoo

Je, wajua kwamba ukimsalimia vizuri muuza kahawa na kupiga naye soga kidogo, unaondoka na furaha zaidi? Mwaka 2014 watafiti wawili wa Kanada, Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn, waliwagawa wateja wa mgahawa mmoja. Baadhi walitakiwa wanunue haraka na kuondoka. Wengine watabasamu na kuzungumza na muuzaji. Waliozungumza ndio waliotoka wamechangamka. Kwa hiyo, ukiwa Mtaa wa Kongo au Msimbazi, usinyooshe mkono kimya huku macho yako kwenye simu. Muulize mtu habari za tangu asubuhi.

Je, wajua kwamba moyo hupunguza mwendo kila unapotoa pumzi? Vuta hewa kwa pua, ongeza kidogo tena juu yake mpaka mapafu yajae, kisha itoe taratibu kwa mdomo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kuwa dakika 5 za zoezi hili kila siku, kwa mwezi mmoja, zinamfanya mtu ajisikie mchangamfu zaidi. Hata ndani ya mwendokasi iliyoshona unaweza kulifanya.

Je, wajua kwamba nyani wa Kenya wana la kuwafundisha matajiri wenye maduka? Mmarekani Robert Sapolsky alianza kuwachunguza nyani wa Maasai Mara mwaka 1978. Alipima damu zao akakuta wanyonge wanaoonewa kila siku wana homoni nyingi za msongo, na wale wenye marafiki wa kukaa nao na kusafishana manyoya wana nafuu. Katikati ya miaka ya 1980, madume wakorofi wa kundi moja, waliokuwa wakipigania mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii, walikula nyama yenye kifua kikuu wakafa. Waliobaki walikuwa wapole. Ugomvi ukapungua, na wanyonge wa kundi lile hawakuonyesha tena dalili za msongo kama wanyonge wa makundi mengine. La ajabu zaidi, madume wageni waliohamia miaka ya baadaye nao walijifunza upole huo huo. Tajiri anayemfokea kijana wake mbele ya wateja anamuumiza mwili pia, na dukani kwake desturi ya upole inaweza kuanza na yeye mwenyewe.

Pesa je? Mwaka 2013 Lara Aknin na wenzake walitoa matokeo kutoka Kanada na Uganda. Watu walioombwa wakumbuke pesa waliyotumia kwa ajili ya mwenzao walijisikia vizuri kuliko waliokumbuka waliyojinunulia wenyewe. Ikawa hivyo Kanada, nchi tajiri, na ikawa hivyo Uganda. Mlipie kuli kikombe kimoja cha kahawa na kashata, uone.

Je, wajua kwamba dakika 20 hadi 30 mahali penye miti hushusha kotisoli, homoni ya msongo? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliipima kwenye mate ya watu mwaka 2019. Kwetu ipo Bustani ya Botaniki, jirani na Makumbusho ya Taifa, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Na ipo Mnazi Mmoja, eneo ambalo wakoloni waliliacha wazi ili kutenganisha Uhindini na mitaa ya Waafrika. Leo ni la wote. Tulilinde, tusikubali limegwe hata hatua moja.

Klabu ya soka ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935, ya Simba mwaka 1936, na zote zina makao yake mitaa hii hii. Utani wa jadi baina yao una faida mwilini: Robin Dunbar wa Oxford alionyesha mwaka 2011 kuwa waliotoka kucheka pamoja walistahimili maumivu zaidi. Taniana, lakini usitukane.

Kahawa ya saa 12 jioni, nusu ya kafeini yake bado imo mwilini karibu saa 5 usiku. Ukikosa usingizi, anza na kikombe hicho.

Je, wajua kuhusu mabibi wa Zimbabwe? Tangu mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda amewafundisha kina bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi na kusikiliza wenye mawazo mazito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kuwa waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida, na mpango huo umeshafika Zanzibar. Kila nyumba ya Kariakoo ina bibi wa namna hiyo; mwamkie, ukae, umweleze. Ila kama huzuni imezidi wiki mbili, hamu ya kula na ya kazi imetoweka, au unawaza kujidhuru, usisubiri hata kesho: Muhimbili, pale Upanga, kuna madaktari wa afya ya akili.