Mtoto Hulelewa na Wengi: Nyumba za Wakongo mjini Durban

Kwa watu wa Uvira, Baraka na Fizi, mashariki mwa Kongo, mtoto mdogo hana mlango mmoja. Akiamka hupita kwa mama mkubwa kuangalia kama uji umeiva. Akicheza, hucheza mbele ya macho ya jirani. Akikosea, huonywa na mtu mzima yeyote aliye karibu, na usingizi ukimkamata hulazwa kwenye mkeka wa nyumba aliyomo. Mama yake hana wasiwasi, maana anajua kwamba pale alipo mtoto pana mama mwingine. Malezi haya hayakuandikwa popote, lakini ndiyo nguzo ya maisha ya nyumbani katika Kivu Kusini, kama yalivyo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki.

Je, mila hiyo inaishije ghorofani mjini Durban, mahali ambapo mlango una geti la chuma na jirani wa kulia hujamjua jina? Jibu langu ni kwamba inaishi. Haikuja yenyewe na mizigo ya safari. Akina mama wameijenga upya, chumba kwa chumba, na wanaijenga kila siku. Kazi hiyo inastahili kuandikwa.

Wakongo walianza kuonekana Durban katika miaka ya 1990, na idadi yao iliongezeka baada ya vita vya 1996 vilivyomwangusha Rais Mobutu na vita vya pili vilivyoanza Agosti 1998. Wengi wa wanaotoka kando ya Ziwa Tanganyika walivuka kwanza hadi Kigoma, kisha wakashuka taratibu kupitia Zambia au Malawi na Msumbiji hadi mji huu wa bandari. Tanzania iliwapokea ndugu zao katika kambi ya Nyarugusu. Afrika Kusini haina kambi za namna hiyo. Sheria yake ya wakimbizi ya 1998, iliyoanza kutumika 2000, inamwacha mkimbizi akae mjini, afanye kazi na asomeshe watoto. Uhuru huo ni mkubwa, ila hauji na mgao wa unga wala wa mafuta. Mwezi ukiisha, kodi inangoja.

Kwa sababu ya kodi, familia nyingi zinazoanza maisha huishi kwa kushirikiana. Katika maghorofa ya Albert Park na Point, nyumba moja yenye vyumba viwili au vitatu hugawanywa kwa mapazia na mbao, na kila familia hupata upande wake. Jiko ni moja, bafu ni moja. Vitanda hupandishwa juu ya matofali ili masanduku, magunia ya unga na nguo za watoto vikae chini yake. Maisha hayo yana msongamano, ugomvi wa zamu ya jiko, na usiku ambao kilio cha kichanga kimoja huamsha nyumba nzima. Lakini ni katika msongamano huo huo ambapo malezi ya wengi yalipata mahali pa kuanzia. Mama anayekwenda saluni kusuka nywele humwacha mtoto kwa mama wa pazia la pili. Baba anayelinda magari kwenye maegesho hurudi jioni na kumkuta mwanawe amekwisha oga na kula, na si lazima awe ameogeshwa na mama yake.

Kutokana na mazoea hayo wamezuka akina mama ambao kazi yao imekuwa kulea. Mama mmoja mwenye sebule pana hupokea watoto wa majirani asubuhi, huwalisha uji, huwalaza mchana na kuwafundisha nyimbo, naye hulipwa kidogo kila mwisho wa mwezi. Sheria ya watoto ya Afrika Kusini, namba 38 ya 2005, inataka mtu anayetunza watoto zaidi ya sita, kwa malipo au bila malipo, ajiandikishe serikalini. Ni vyema akina mama hawa wasaidiwe kutimiza sharti hilo, maana wao ndio uwanja wa kijiji uliohamia ghorofani.

Mtoto anapozaliwa, mila huonekana wazi kuliko wakati mwingine wowote. Tangu 1994 serikali ya Afrika Kusini inawatibu bure wajawazito na watoto wa chini ya miaka 6 katika vituo vya umma, na kwa familia za katikati ya mji, watoto wengi huzaliwa hospitali ya Addington, karibu na bahari. Mzazi akirudi nyumbani, wanawake humiminika. Mmoja huja na sabuni, mwingine na sukari, mwingine na unga wa uji. Mwenye uzoefu humkanda mzazi kwa maji ya moto na kumwonyesha namna ya kumwosha mtoto kitovu kisiguswe ovyo. Kama bibi wa mtoto yuko Baraka au Bukavu, simu huwekwa wazi na sauti yake huelekeza kazi kutoka mbali. Kwa Waislamu, mtoto huadhiniwa sikioni, na siku ya 7 hufanyiwa akika. Kwa Wakristo, kwaya hupita nyumbani kuimba kabla ya mtoto kupelekwa kanisani.

Kisha jina. Watu wa Kivu wana desturi ya kumpa mtoto jina linaloeleza hali iliyokuwapo alipofika duniani: Furaha, Riziki, Bahati, Zawadi, Faraja, Vumilia, Maombi, Safari. Ukikutana na watoto wa familia moja waliozaliwa Kongo, njiani na Durban, majina yao yakipangwa kwa umri yanakusimulia historia ya wazazi. Mzazi naye hupoteza jina lake na kuwa Mama Riziki au Baba Safari, na kwa jina hilo hujulikana kanisani, sokoni na kwenye likelemba, ule mchango wa zamu ambao umelipia kodi na ada za wengi.

Hapa ndipo mila inapokutana na karatasi. Mtoto wa mwomba hifadhi huandikishwa kuzaliwa, lakini hati yake haina namba ya kitambulisho ambayo mtoto wa raia hupewa. Baadhi ya wazazi, wakiona upungufu huo na foleni ndefu, hukata tamaa wakaiacha hati. Wasiiache. Sheria ya uraia kama ilivyorekebishwa, na kuanza kutumika Januari 2013, inamruhusu mtu aliyezaliwa Afrika Kusini kwa wazazi wageni kuomba uraia akifikisha miaka 18, iwapo ameishi nchini tangu kuzaliwa na kuzaliwa kwake kuliandikishwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Rufani iliithibitisha haki hiyo. Hati inayodharauliwa leo ndiyo mlango wa kesho, na katika malezi ya wengi, kumsindikiza jirani kwenda kuandikisha mtoto kuna thamani sawa na kumpelekea sabuni.

Chakula ni shule nyingine. Unga wa muhogo hupatikana katika maduka ya Wakongo, lakini bei yake ni kubwa, kwa hiyo mama huuchanganya na unga wa mahindi unaouzwa kila kona ya mji. Bugali hutoka mwepesi kidogo kuliko wa nyumbani, na watoto hawajui tofauti. Jumamosi hutafutwa sombe, yaani kisamvu, mafuta ya mawese na ndagala, yaani dagaa. Siku za kawaida ni maharagwe, kabichi au mabawa ya kuku. Watoto hula katika sahani moja kubwa, na humo hufundishwa mambo ambayo hayafundishwi kwa maneno: kunawa kwanza, kula upande wako, kumwachia mdogo kipande, kutoinuka kabla ya mkubwa kumaliza. Kuna nyumba zilizoiacha sahani ya pamoja kwa kuwa kila mtu hurudi kwa saa yake. Nazisihi ziirudishe angalau siku ya Jumapili.

Jambo gumu zaidi ni lugha. Mtoto huzaliwa katika Kiswahili, akifika miaka mitatu husikia Kizulu kwenye ngazi na lifti, na akianza shule hupewa Kiingereza. Baada ya muda mfupi humjibu mama kwa Kiingereza alichoulizwa kwa Kiswahili. Kisha hugeuka mkalimani: yeye ndiye anayesoma barua ya shule, yeye ndiye anayemweleza muuguzi mama anaumwa wapi. Mtoto wa miaka 9 anayejua siri za afya ya mama yake amebebeshwa mzigo usio wake, na mzazi anayezungumziwa na mwanawe huona heshima yake ikipungua. Wazazi wenye busara wameamua mambo mawili. Wao wenyewe hujifunza Kizulu cha kutosha kuzungumza na muuguzi na mwalimu, na ndani ya nyumba Kiswahili kinabaki lugha ya amri, ya sala na ya hadithi. Wengine hujisemea kwamba shule itawasaidia, kwa kuwa mwaka 2018 Waziri wa Elimu ya Msingi, Angie Motshekga, alitangaza kwamba Kiswahili kingeweza kufundishwa kama somo la hiari kuanzia 2020. Tangazo hilo lilikuwa la heri. Hata hivyo, mtoto wa miaka minne hangoji somo la hiari. Lugha yake inajengwa jikoni.

Adabu nayo imebidi itafutiwe njia mpya. Wazazi wengi walilelewa kwa kiboko, na waliamini kwamba mtoto asiyechapwa ni mtoto asiyependwa. Shule za Afrika Kusini zilikatazwa viboko tangu sheria ya shule ya 1996, na Septemba 2019 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba hata mzazi hana tena kinga ya kisheria anapomchapa mwanawe nyumbani. Wapo waliosema serikali imewanyang'anya watoto wao. Mimi naona uamuzi huo unaturudisha kwenye jambo bora zaidi katika mila zetu. Nguvu kubwa ya malezi ya kijijini haikuwa fimbo. Ilikuwa macho ya watu wengi na aibu ya kumvunjia heshima baba mdogo, shangazi au mjomba. Katika nyumba za Durban mjomba bado anaitwa mambo yakiharibika. Huketi na kijana, humsikiliza, humwonya, na neno lake lina uzito kuliko kofi.

Vuguvugu la chuki dhidi ya wageni limeyatikisa malezi haya mara kwa mara. Mei 2008 mashambulizi yalienea nchini hadi Durban. Aprili 2015 yaliwaka tena, na familia zenye watoto wachanga zikalala katika mahema Isipingo, Phoenix na Chatsworth. Mwaka 2025 watu wa March and March, kundi linalopinga wahamiaji, walisimama kwenye malango ya kliniki na hospitali za Durban wakidai vitambulisho, na akina mama wakaogopa kupeleka watoto kuchanjwa. Madhara yake kwa watoto si ya siku moja. Mtoto anayeambiwa asiseme Kiswahili ndani ya basi, asicheze nje, asifungue mlango, hujifunza kuionea haya sauti ya mama yake. Lakini nyakati hizo hizo zimewahi kuonyesha upande mwingine: jirani Mzulu anayewaficha watoto chumbani kwake, au bibi wa ghorofa ya chini anayekwenda nao kliniki mwenyewe. Mila za Wazulu hazikai mbali na zetu. Nao hubeba mtoto mgongoni, humfundisha kupokea kwa mikono miwili, na kila mwanamke mzee kwao ni bibi wa kila mtoto. Urafiki baina ya akina mama ni ngao kubwa kuliko geti la chuma.

Tena Durban haikuanza leo kupokea watu kutoka pwani yetu. Mwaka 1873, mwaka ule ule Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, meli ya kivita ya Waingereza ilileta hapa kundi la kwanza la watumwa waliookolewa baharini, wengi wao Wamakua. Wakaitwa Wazanzibari, na wazao wao wanaitwa hivyo hadi sasa. Walipomaliza mikataba ya kazi walikaa pamoja Kings Rest, kwenye eneo la Bluff, wakiwa na msikiti na madrasa yao. Ubaguzi wa rangi uliwaandika kuwa Waasia wa namna nyingine, na katika miaka ya 1960 ukawahamishia Chatsworth. Hata huko walikaa jirani kwa jirani, wakashika dini, ndoa na mafunzo ya vijana. Waliweza kwa sababu watoto wao walilelewa mikononi mwa jamii nzima, kizazi baada ya kizazi.

Hilo ndilo somo kwa mzazi wa Kikongo aliye Albert Park, na kwa kila msemaji wa Kiswahili anayelea mtoto ugenini, awe Muscat, London au Johannesburg. Mila haihifadhiwi kwa kitenge cha sikukuu. Fungua mlango kwa mama jirani, hata asiye wa kabila lako wala wa taifa lako. Mwandikishe mwanao. Zungumza naye Kiswahili kila siku, hata akikujibu kwa lugha nyingine. Na mtoto wa mwenzio akipita mbele yako, mwite kwa jina lake, umuulize kama amekula.