Redio Tanzania Dar es Salaam

Redio Tanzania Dar es Salaam (kifupi: RTD) ilikuwa redio ya serikali ya Tanzania kuanzia mwaka 1965 hadi 2002. Studio zake zilikuwa Barabara ya Pugu, ambayo leo inaitwa Barabara ya Nyerere. Pamoja na kutangaza habari, RTD ilikuwa studio kuu ya kurekodia muziki wa nchi.

Historia

Utangazaji ulianza mwaka 1951, wakati wa ukoloni wa Waingereza, kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 liliundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Shirika hilo lilivunjwa mwaka 1965, na redio ikawekwa chini ya wizara iliyohusika na habari. Ndipo ilipopata jina la RTD.

Muziki

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilisisitiza utamaduni wa taifa. Mwaka 1969 muziki wa soul kutoka Marekani, uliopendwa sana na vijana, ulipigwa marufuku jijini Dar es Salaam. Katika miaka ya 1970 RTD ilipunguza sana nyimbo za kigeni. Nafasi hiyo ilijazwa na bendi za nyumbani kama NUTA Jazz, Western Jazz, Afro 70 na, tangu mwaka 1978, Mlimani Park Orchestra. Vikundi vya taarab, kwaya na ngoma vilirekodiwa pia.

Bendi iliingia studio na kupiga wimbo mzima kwa pamoja, nao ukanaswa kwenye utepe. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, hivyo wanamuziki waliotaka santuri walitegemea Nairobi. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, njia hiyo ikawa ngumu hadi ulipofunguliwa mwaka 1983. Kwa sababu hiyo nyimbo nyingi za wakati huo hazikutolewa kwenye santuri kamwe. Zilisikika redioni tu, na wasikilizaji walizinasa kwenye kaseti zao.

Mwisho wa RTD

Sheria ya mwaka 1993 iliruhusu vituo binafsi, na Radio One ilianza mwaka 1994. Mwaka 2002 RTD iliunganishwa na televisheni ya taifa kuwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania (TUT), ambayo baadaye ikawa Shirika la Utangazaji Tanzania (TBC).

Hifadhi ya kanda

TBC ilirithi maktaba ya kanda za RTD. Baadhi ya nyimbo zimetolewa nje ya nchi: albamu "Sikinde" ya Mlimani Park, iliyotolewa Marekani mwaka 1994, ilitokana na rekodi hizo. Hata hivyo utepe wa sumaku huharibika kwa joto, unyevu na vumbi, na hali ya hewa ya pwani huharakisha uharibifu huo. Wimbo ambao haukuwahi kutolewa kwenye santuri unaweza kuwa na nakala moja tu. Kanda yake ikiharibika kabla ya kuhamishiwa kwenye kompyuta, wimbo wenyewe umepotea.